Mwezi wa Nane Msiende

Katika ofisi ya kukata tiketi za ndege walimwita Kiyoyozi, kwa sababu hakuna mteja aliyewahi kumpandisha mori. Mtu angeingia anafoka kwamba ndege imemwacha, akamwaga maneno yote aliyokuwa nayo tumboni, na Kiyoyozi akamsikiliza mpaka mwisho, akamsogezea kiti na kumwambia, "Pole sana. Haya, tuanze upya." Mwenzake wa meza ya pili, mwanamke mwenye mdomo usiojua likizo ambaye walimwita Redio, alipenda kusema kwamba hata jehanamu wakimpeleka huyu, wenyeji watamuuliza sweta zinauzwa wapi.

Kwa hiyo hakuna pale kazini aliyejua kwamba ndani ya yule mwanamke mpole mlikuwa na kaa la moto ambalo halijazimika tangu mumewe afariki.

Mumewe alikuwa fundi wa majokofu. Waliishi katika nyumba ya familia: mama mkwe chumba cha katikati, wao chumba cha nyuma, na mbele alikaa wifi yake pamoja na mume wake, dereva wa treni. Gari lilikuwa moja, na funguo zake zililala kwenye mkoba wa wifi. Asubuhi moja ya Jumamosi, mama mkwe akiwa ameenda kumuuguza ndugu yake na dereva wa treni akiwa safarini, fundi aliamka ameshika tumbo. Mwanzoni alitania kwamba kameza bisibisi. Baadaye utani ukaisha, midomo ikapauka, akawa anauma mto ili asipige kelele. Kiyoyozi akakimbia mlango wa mbele.

"Wifi, kaka yako anakufa. Naomba gari, tafadhali."

Wifi alikuwa mbele ya kioo, anajifunga kilemba cha harusi ya shoga yake. Hata kugeuka hakugeuka.

"Mwongo wewe," alisema. "Jana nimewasikia mkigombana, leo unatafuta gari la kukupeleka kwa mama yako. Kaka yangu namfahamu, hajui kuvumilia hata mwiba. Mpe maji ya uvuguvugu, alale."

Akachukua gari, akaenda harusini. Kiyoyozi alihangaika barabarani mpaka akampata muuza matofali mwenye gari la mizigo, wakamlaza fundi juu ya magunia. Walipofika hospitali alikuwa hajibu tena. Daktari alisema kidole tumbo kilikuwa kimepasuka, na kwamba wangemleta mapema kidogo wangezungumza mengine.

Hayo aliyameza. Lililomkwama kooni lilikuja msibani. Wifi alijitupa chini mbele ya waombolezaji, akalia kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili: "Angetuambia! Alikaa na mgonjwa ndani kimya kimya, angetuambia tu, kaka yangu angekuwa hai!" Na watu wakaamini, maana anayelia kwa nguvu hasemi uongo, au ndivyo wanavyodhani. Mama mkwe, ambaye siku zote alimwita "mwanangu", aligeuza uso ukutani Kiyoyozi alipotaka kumshika mkono. Kiyoyozi aliondoka nyumba ile na masanduku yake, na juu ya masanduku akabebeshwa sifa ya mwanamke aliyemzembea mumewe mpaka akafa. Aliyemsaidia kuyafikisha barabarani ni dereva wa treni peke yake.

"Shemeji, mimi sikuwepo," alimwambia huku akipangusa jasho. "Lakini nakuamini."

Miaka ikapita. Akajifunza kazi ya kukata tiketi, akapanga chumba chake, akazoea. Mpaka siku mlango wa vioo uliposukumwa na akaingia dereva wa treni, nywele zote zimekuwa nyeupe, na nyuma yake wifi, mkoba begani.

"Shemeji!" Mzee alifurahi mpaka akasahau kufunga mlango. "Kumbe ndipo ulipo!"

"Makubwa," alisema wifi, akiangalia meza, feni, picha za ndege ukutani, na mwisho kabisa akamwangalia mwenye meza. "Kumbe ulipata pa kujishikiza."

"Karibuni mkae," alisema Kiyoyozi. Sauti haikutetemeka. Redio alipunguza kuandika ili asikie vizuri.

Dereva wa treni alieleza. Amestaafu. Maisha yake yote aliendesha treni kwenye reli ileile, kwenda na kurudi, kama mtu anayefagia korido. Katika ofisi ya mkuu wa stesheni kulikuwa na kalenda yenye picha ya vilima vya mchanga vya Moroko, mchanga mwekundu umepindana kama shuka lililotanduliwa, na alikuwa amejiapiza kwamba siku moja atausimamia mchanga ule kwa miguu yake.

"Sasa shemeji, nauliza wewe unayejua. Huko wanaendaga wakati gani? Maana nasikia nchi yenyewe ina misimu, si kama kwetu."

"Nendeni mwezi wa nne," alijibu Kiyoyozi, na alijibu hivyo kwa sababu ndiyo jibu. "Au wa kumi, joto likishapungua. Mwezi wa nne ndio mzuri zaidi. Maua yamechanua, juu milimani bado mnaona theluji, na jangwani mchana mnatembea bila taabu. Katikati ya baridi usiku wa jangwani unauma meno. Na mwezi wa saba na wa nane msiende kabisa, hasa kule ng'ambo ya milima. Jua la kule si la mchezo."

Alipoinua macho aliuona uso wa wifi. Ulikuwa uso uleule wa kwenye kioo: mdomo umevutwa upande, nyusi moja juu, uso wa mtu anayesikiliza uongo na anataka ajulikane kwamba hadanganyiki.

Hapo ndipo lile kaa lilipopata upepo.

Kiyoyozi angeweza kugeuza kompyuta, akawaonyesha joto la kila mwezi kwa tarakimu, yakaisha. Hakuigeuza. Aliinama mbele, akaweka mkono wake juu ya mkono wa wifi, na kulainisha sauti mpaka ikawa kama mafuta.

"Wifi yangu, nakuomba. Nakuapia haki ya Mungu, mwezi wa nane msiende. Nisikilize mimi, mimi nakutakia mema."

Alijua anamwagia petroli. Wifi aliuchomoa mkono wake kama aliyeguswa na konokono.

"Kwani mwezi wa nane kuna nini cha kuapiwa?"

"Joto tu, wifi."

"Joto tu! Hoteli zinakuwaje? Zimejaa?"

"Hapana. Kule jangwani mwezi wa nane zinakuwa tupu."

"Unaona?" Wifi alimgeukia mume wake. "Zinakuwa tupu, mtu unahudumiwa kama malkia. Ila sisi twende mwezi wa nne tukabanane na dunia nzima. Joto! Sisi tumezaliwa wapi, kwenye friji?"

"Lakini mke wangu, mwenye kazi yake amesema..."

"Mwenye kazi yake nani? Huyu mimi namjua. Huyu akikwambia kumekucha, toka nje ukahakikishe. Andika mwezi wa nane."

"Basi angalau muanzie pwani," alisema Kiyoyozi, sasa kwa upole wa kutisha. "Upande wa bahari kuna upepo, hata mwezi huo kuna nafuu."

"Jangwani," alisema wifi. "Moja kwa moja."

Kiyoyozi akaandika. Walipotoka, Redio alipiga kofi mezani.

"Wewe una moyo wa bati. Mtu anakudharau namna ile na bado unambembeleza asiungue! Mimi shahidi, umesema mpaka umeapa."

"Ndiyo," alisema Kiyoyozi. "Ukiulizwa, useme hivyohivyo."

Tangu siku ile, kila akifika kazini kitu cha kwanza ilikuwa kufungua hali ya hewa ya ule mji mdogo ulio pembeni mwa jangwa. Alichungulia joto lake kama mpishi anavyofunua sufuria. Mwezi wa tano lilikuwa bado la kawaida. Wa sita likapanda. Wa saba, alipoliona, alitabasamu peke yake, na Redio akamuuliza kama amepata mchumba.

Kisha, siku chache kabla ya safari, dereva wa treni alikuja peke yake. Alikaa pembeni ya kiti, kofia mapajani.

"Shemeji, nimetoroka," alisema, na kucheka kidogo. "Nikuulize, na uniambie kama kaka yako. Hili joto ni la kweli? Maana mimi presha inanisumbua siku hizi. Ukisema tusogeze mbele, nitagombana na mwenzangu, lakini tutasogeza."

Hapa ndipo mahali pabaya pa habari hii. Huyu angeamini. Neno moja tu lingetosha. Kiyoyozi aliliona neno hilo limekaa tayari kwenye ulimi. Akaona pia kilemba mbele ya kioo, na magunia ya muuza matofali, na ukuta aliogeuziwa uso na mama mkwe.

"Shemeji, safari ni ya wawili," alisema. "Mimi nilishasema langu. Muulize mke wako."

Mzee aliichukua kofia yake mapajani. "Sawa," alisema. "Basi nibebe nini?"

Akamwambia abebe kofia pana, nguo nyepesi, anywe maji bila kungoja kiu. Akamsindikiza mpaka mlangoni. Alimtazama anavyovuka barabara polepole, akiangalia kulia na kushoto kama bado kuna treni, na akarudi kwenye meza yake, akakata tiketi ya mtu mwingine.

Wakasafiri. Siku za kwanza hakukuwa na habari. Kiyoyozi alikula vizuri, akalala vizuri. Alimwaza wifi amekaa sakafuni hotelini, kilemba kimelowa, anajipepea kwa sahani, na kila akimwaza hivyo moyo ulikuwa kama umepakwa asali. Mume hakumwaza. Alijifunza kutomwaza.

Simu ililia mchana, wateja wawili wakiwa wanasubiri. Redio alipokea, uso ukabadilika. "Ni yule wifi yako. Wa Moroko."

"Wifi!" Sauti ilikuwa imechanika. "Wifi, shemeji yako hajielewi. Tulitoka kidogo tu kuangalia mchanga, tumerudi, ameacha kutoa jasho. Ngozi inachoma kama pasi. Anataja stesheni, anaita stesheni moja moja kama anafika! Nimewaambia hapa mapokezi, wanasema ni uchovu wa safari, alale, kila mgeni analia joto. Nawaambia ni mgonjwa, wananiangalia tu, wanaona natia chumvi. Hawaniamini! Wewe una watu wenu huku, tuma gari limpeleke hospitali. Niamini, wifi, niamini mimi!"

Kiyoyozi alibonyeza spika, akaweka mkono wa simu mezani. Sauti ikajaa ofisi nzima. Redio alisimama. Wateja wakaacha kuongea. Bosi akachungulia kutoka chumbani kwake.

"Wifi," alisema taratibu, "hali hiyo naijua. Mimi nimewahi kusimama hapo ulipo."

"Tuma gari!"

"Nitatuma. Sema kwanza."

"Niseme nini tena?"

"Unajua."

"Mtu anakufa hapa!"

"Ndivyo nilivyokwambia mlangoni kwako. Hivyohivyo."

Zilisikika pumzi za wifi, na nyuma yake sauti nzito ya mwanamume inatangaza kituo, pole pole, kwa fahari.

"Ulikuwa unasema kweli," alisema wifi. "Hukuwa mwongo."

"Ila hukuniamini."

"Nilikuamini!" Sasa alikuwa anapiga kelele. "Nilijua! Nilipita kwenye dirisha lenu nikielekea kwenye gari kule nyuma, nikamwona kaka amelala pale, akaniangalia machoni. Nilijua anaumwa kweli. Nikasema nikitoka harusini nitampeleka, atavumilia. Nilijua, umesikia? Nikasema ni wewe kwa sababu ningesema nini? Umeridhika? Tuma gari!"

Mkono wa Kiyoyozi, uliokuwa ukielekea simu ya pili, ulibaki hewani. Miaka yote hiyo hasira yake ilikuwa imejengwa juu ya jambo moja, kwamba hakuaminiwa. Alikuwa amelizoea jambo hilo, alijua pembe zake zote, hata kisasi chake alikipima kwa hilo. Sasa anaambiwa kwamba aliaminiwa tangu neno la kwanza. Fundi alilala pale, dada yake akamwona, akaenda kucheza. Hakumbuki alikaa hivyo muda gani.

"Wewe!" Redio alimpigia kelele. "Mtu yuko jangwani! Piga simu!" Na alipoona haondoki alipo, Redio mwenyewe alinyakua simu ya pili, akatafuta namba ya mwenyeji wao wa kule, akamwamrisha kwa mchanganyiko wa lugha ambao hakuna aliyejua anao. Mwenyeji alikuwa karibu. Alimkuta mzee, akamfunika shuka lililoloweshwa maji, akamfikisha hospitali.

Dereva wa treni hakufa. Ila aliporudi hakuwa yule aliyeondoka. Figo zilikuwa zimeyumba, mkono wa kulia ulitetemeka, alitembea na mkongojo, na mwanga wa mchana ulimuumiza kichwa hata akiwa ndani.

Kuhusu yale yaliyosemwa kwenye simu, Kiyoyozi hakuhitaji kumweleza mtu. Redio hakupewa jina lile kwa hisani. Kabla ndege yao haijatua, habari zilikuwa zimeshafika kwa mama mkwe, na mama mkwe akatuma mtu: mkwe wake aje, Jumapili, nyumbani.

Aliingia nyumba ile kwa mara ya kwanza tangu masanduku yatolewe. Viti vilikuwa vilevile, vimebadilishwa vitambaa tu. Mama mkwe alikaa wima kwa shida. Dereva wa treni alikuwa kwenye kona yenye giza, miwani myeusi usoni. Wifi alisimama katikati ya sebule, mikono imeshikana mbele kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Rudia," alisema mama.

"Mama, nilishakueleza..."

"Rudia huyu akiwa anasikia."

Wifi alirudia. Dirisha, macho ya kaka yake, harusi, kilio cha msibani. Alirudia huku akitazama zulia, na kila alipopunguza sauti mama alisema, "Sisikii." Kiyoyozi alikuwa amekaa, mikono mapajani. Tusidanganyane: ilikuwa tamu. Kila neno lilimshuka kama maji kwenye koo lililokauka, na alitamani liwe refu zaidi.

"Nilimgeuzia uso mtoto wa watu," alisema mama hatimaye. "Nilimwacha atoke hapa kama mwizi." Akamtazama binti yake. "Toka nje. Nikikuhitaji nitakuita." Kisha akamnyooshea mkono Kiyoyozi. "Mwanangu, sogea."

Kiyoyozi alisogea, akapiga magoti, wakalia wote wawili kilio walichopaswa kulia zamani. Alipoinuka kupangusa uso, aliona miwani myeusi imeelekezwa kwake.

"Shemeji," alisema dereva wa treni. Maneno yalimtoka taratibu sasa, kama mtu anayeshuka ngazi. "Siku ile nilipokuja peke yangu. Nikakuuliza. Ulijua joto litakuwaje?"

Angeweza kusema kwamba alishawaonya. Redio alikuwa shahidi. Angeweza kusema kwamba aliapa.

"Nilijua," alisema.

"Na ulijua ningekusikiliza."

"Nilijua, shemeji."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Hakufoka. Aliutafuta mkongojo wake kwa mkono unaotetemeka, na Kiyoyozi alipoinama kumpa, mzee aliondoa mkono wake, akangoja mpaka mama mkwe amfikishie yeye. Halafu akainuka, akaingia chumbani, mlango ukafungwa bila kelele.

Mama mkwe alitaka abaki ale. Kiyoyozi alisema atakuja siku nyingine.

Nje, wifi alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha lango, miguu imetandazwa vumbini, bila kilemba. Macho yalikuwa mekundu. Hakuna aliyekuwa amemfuata. Kiyoyozi ilibidi amruke ili apite.

"Umefurahi sasa," alisema wifi bila kuinua uso.

"Kwako, ndiyo," alisema Kiyoyozi. "Ingekuwa ni wewe peke yako, ningeanza tena."

Akachukua barabara ya kwenda kwake, na njiani, alipofika pale mzee alipomshushia masanduku yake zamani zile, alikaa juu ya jiwe la pembeni ya barabara mpaka alipoweza kuendelea.